Kamera Kuukuu na Mkono wa Fundi

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hao hao wakaturudi kwa neno jingine, wakatuambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Maneno haya mawili yalitujia kwa pamoja hivi karibuni katika mkutano mmoja wa wafanyakazi, tulipomwona kijana mwenye simu nzuri mfukoni, lakini shingoni amevaa kamera ya chuma ya zamani, ile ya kutia filamu. Kwa muda wa nusu saa alipiga picha moja tu, na wenzake walikuwa wamekwisha kupiga picha zisizo na idadi. Tukamwuliza sababu ya kujitaabisha hivyo. Akacheka, akajibu, "Ndugu Mhariri, hii hainisamehe nikikosa."

Tulirudi ofisini tukilifikiri jibu lile. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya hizi kamera za filamu, ambazo wengi tulidhani zimekwisha kufa na kuzikwa. Kwa juu juu jambo hili laweza kuonekana kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini ukilichunguza utakuta lamhusu kila mtu anayekula kwa kazi ya mikono yake; kwa maana linahusu elimu iliyomo katika mikono hiyo, na namna elimu hiyo inavyoweza kupotea katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Kwa ajili ya vijana waliokua na simu tu, yafaa tukieleze kwanza chombo chenyewe. Kamera ya filamu ni kisanduku cha giza. Mbele yake mna lenzi. Nyuma ya lenzi mna kilango kidogo, ambacho mafundi hukiita shata, kinachofunguka na kufungika kwa muda ulio sehemu ndogo sana ya sekunde. Nyuma kabisa umetandazwa mkanda wa filamu. Mkanda huo umepakwa utando mwembamba wa jelatini, yaani gundi itokayo katika mifupa na ngozi za wanyama kama ng'ombe, na ndani ya utando zimo chembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigusa chembe hizo huzibadili, lakini jicho halioni kitu. Picha imo, ila imejificha, mpaka mkanda utiwe katika dawa. Ndipo palipopigwa na mwanga mwingi hugeuka peusi, na palipokuwa na kivuli hubaki peupe. Hiyo ndiyo negativu, mama wa picha zote zitakazochapwa baadaye.

Mkanda wa kawaida, wenye upana wa milimita 35, hutoa picha 36. Mkanda mpana uliotiwa katika zile kamera za lenzi mbili, ambazo mpiga picha huziinamia na kuzitazama kwa juu, hutoa picha 12 za mraba. Zikiisha, zimekwisha. Huwezi kuifuta iliyoharibika ili upate nafasi ya nyingine, wala huwezi kuitazama uliyoipiga mpaka mkanda usafishwe.

Si zamani sana kazi hii ilikuwa ya mabwana wachache wenye mizigo ya vioo na dawa. Mwaka 1888, Mmarekani aitwaye George Eastman wa mji wa Rochester alianza kuuza kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa imekwisha kutiwa mkanda wa picha 100. Mnunuzi alibonyeza tu. Mkanda ulipokwisha aliirudisha kamera nzima kiwandani, na wafanyakazi wakaufungua, wakasafisha picha, wakatia mkanda mpya na kumrudishia. Mwaka 1900 kampuni hiyo ikatoa kamera ya boksi iliyoitwa Brownie kwa dola moja. Na mwaka 1925 Wajerumani wakatoa Leica, iliyobuniwa na fundi Oskar Barnack, kamera ndogo ya kushikwa mkononi iliyotumia mkanda uleule wa sinema wa milimita 35. Hivyo kamera ikaingia mikononi mwa watu wa kawaida. Lakini na tuangalie vizuri: pale mnunuzi alipoambiwa kwamba kazi yake ni kubonyeza tu, kazi yenyewe haikuondoka. Ilihamia kwa mfanyakazi aliyekaa gizani kiwandani, ambaye mwenye picha hakupata kumwona hata siku moja.

Katika nchi zetu mfanyakazi huyo twalimjua kwa sura. Alikuwa na studio yake mjini, yenye pazia lililochorwa mlima au bustani, kiti kimoja cha heshima, na kitana kilichofungwa kwa uzi karibu na kioo. Huko Unguja, katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Picha zilizotoka katika nyumba ile ni kumbukumbu ya mji mzima: mitaa yake, majahazi yake, harusi zake na watu wake. Vilevile Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Brownie ya mtumba. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hapo hapo Dar es Salaam, akiwa kijana wa miaka ipatayo 20. Na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikauamsha ulimwengu.

Sisi wenyewe twakumbuka jinsi mpiga picha alivyofika shuleni kwetu misheni kila mwisho wa mwaka. Alisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akatupanga kwa urefu, akatukemea tusicheke, akainua kidole. Wanafunzi zaidi ya mia tukashusha pumzi kwa pamoja baada ya mlio mmoja mdogo. Akapiga ya pili kwa tahadhari, kisha akafunga vyombo vyake. Picha mbili zilitosha. Nakala tuliyopewa tunayo hata leo, na majina yote yameandikwa nyuma yake kwa kalamu ya risasi.

Haitupasi kuwahubiria wengine bila kuungama kosa letu. Miaka mingi imepita tangu tulipojinunulia mnadani kamera ya filamu ya mkono wa pili, tukajiona tumekwisha kuwa wapiga picha. Wakati huo mzee mmoja wa kiwandani kwetu alikuwa akistaafu. Alikuwa ameanza kazi zamani za herufi za risasi, akizipanga moja moja kwa vidole, akisoma mstari kinyumenyume kama sisi tunavyousoma wima. Tukaahidi kuzipiga sisi picha za kumuaga. Siku ile tulipiga akiwa amesimama kando ya mashine yake, tukapiga akiwa na wenzake wote, tukapiga akipokea zawadi na mkewe akiwa kando yake. Hesabu ya kamera ilisoma 36, ikaendelea hadi 38, nasi tukafurahi kwamba tumepata mbili za bure.

Tulipoufungua mkanda gizani tukaukuta wote umo ndani ya kikopo chake, safi, haukuguswa na mwanga hata mara moja. Ulimi wake haukushika katika gurudumu la kuuvutia. Tulikuwa tumepiga picha hewani mchana kutwa. Mzee alipoambiwa hakutukasirikia. Aliuliza jambo moja tu, "Na kile kishikio cha kushoto, kilikuwa kinazunguka?" Kumbe katika ujana wake alikuwa akimsaidia mpiga picha wa gazeti. Kwa kawaida katika kamera za aina ile, mkanda ukiwa umeshika vizuri, kishikio cha kuurudishia kilicho upande wa kushoto huzunguka kila unapovuta picha nyingine. Kisipozunguka, simama, kwani hupigi kitu. Elimu hiyo ya nusu dakika ilikuwa umbali wa hatua ishirini kutoka mezani petu miaka yote ile, nasi hatukuwa tumeiuliza.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa yule kijana wa mkutanoni alikuwa na maana gani. Mtu anayejua kwamba ana picha 36 tu, na kila moja ameilipia, hutazama kabla ya kubonyeza. Huangalia jua liko wapi. Huona nguzo iliyosimama nyuma ya kichwa cha bibi arusi kana kwamba imemwota. Humngoja mzee amalize kusema, akunje mikono, apumzike, ndipo sura yake halisi itokee. Simu yaweza kupiga picha nzuri sana, nasi twaitumia kila siku katika kazi yetu ya gazeti, hatuitukani. Lakini wingi wake humzoeza mtu kupiga kwanza na kutazama baadaye, na wengi wetu hiyo baadaye haifiki.

Tuvuke sasa twende Afrika ya Magharibi, tuone umaskini wa filamu ulivyozaa ustadi. Katika mji wa Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alitumia kamera kubwa yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, desturi yake ilikuwa kumpiga mteja picha moja tu. Ililazimu picha hiyo moja iwe sawa: mkono uwekwe vizuri, kitambaa kikunjwe vizuri, uso ugeuzwe upande wa mwanga. Alizitunza negativu zake kwa miaka mingi, na zilipoonyeshwa Paris mwaka 1994 watu walisimama mbele yake wakastaajabu. Mwenzake wa mji uleule, Malick Sidibé, aliyepiga picha za vijana wakicheza dansi, alikuwa pia fundi wa kutengeneza kamera mbovu, na studio yake ilijaa kamera kuukuu zilizopangwa juu ya rafu. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, Mwafrika wa kwanza na mpiga picha wa kwanza kuipata.

Wale mabwana walikuwa na shida nyingine ambayo haikuandikwa katika vitabu vya maelezo. Kwa miaka mingi, maabara za kuchapia picha za rangi zilipimia rangi ya ngozi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Uso wake ukitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Sura nyeusi zikatoka kama kivuli chenye meno, na mtu akaambiwa kwamba yeye ndiye hapigiki vizuri. Mpiga picha wa Kiafrika ilimbidi ajifundishe kwa jicho lake mwenyewe.

Elimu hiyo yafaa ielezwe, maana ni ya manufaa kwa yeyote atakayeshika kamera ya filamu hapa kwetu. Kanuni ya zamani husema hivi: jua likiwa kali na bila mawingu, weka tundu la lenzi kwenye namba 16, na kasi ya shata ilingane na namba ya filamu. Filamu ikiwa ya namba 100, tumia kasi ya sehemu moja ya 125 ya sekunde, ambayo ndiyo iliyo karibu. Kanuni hii ni ya kweli, na yafanya kazi hata kama kamera haina kipima mwanga au betri. Lakini jua letu la saa sita mchana husimama utosini. Hutia kivuli chini ya paji la uso na chini ya ukingo wa kofia, na macho yakapotea. Kwa hiyo fundi wa hapa humpeleka mtu barazani, au chini ya mwembe, au kando ya ukuta mweupe unaorudisha mwanga usoni. Kama hawezi kumhamisha, hufungua tundu la lenzi hatua moja au mbili zaidi, auhudumie uso kwanza na kuliacha anga lipauke. Au hungoja saa kumi na moja jioni.

Kusafisha mkanda nako kuna siri zake katika nchi yenye joto. Maelezo mengi ya kiwandani hupimia dawa kwa maji ya nyuzi 20 za sentigredi. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akifungua bomba lake hupata maji ya moto kuliko hayo karibu mwaka mzima. Dawa ikiwa ya moto hufanya kazi upesi, na asiyepunguza muda ataipata negativu nyeusi tii. Jelatini nayo hulainika. Na kama mkanda ukitoka katika dawa ya moto ukaingia ghafula katika maji baridi, utando hujikunja, ukawa kama ardhi ya ziwa lililokauka. Ndiyo sababu mafundi wetu wa zamani walikuwa na beseni na barafu. Vikopo vyote, cha dawa ya kutolea picha, cha dawa ya kukazia, na cha maji ya kuoshea, walivikalisha katika beseni moja ili viwe na joto moja. Hawakuandika jambo hilo. Ukiingia chumbani mwao uliliona kwa macho, na usipoingia hukulijua.

Hata wakubwa wa viwanda walipata kujifunza kwamba kazi hii haifuati maandishi peke yake. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Kodak, Samuel Sheppard, alikuwa akitafuta kwa nini jelatini ya namna moja ilifanya filamu yenye kushika mwanga vizuri na nyingine haikufaa. Akagundua kwamba siri ilikuwa katika malisho. Ng'ombe waliokula mimea ya jamii ya haradali walibaki na chembe za kiberiti katika jelatini yao, na chembe hizo ndizo zilizoifanya filamu iwe nyepesi wa kushika mwanga. Picha nyingi za dunia zilikuwa zikimtegemea ng'ombe na majani aliyokula, na hakuna aliyejua.

Sasa tufike mahali penye uchungu. Mwaka 1975, mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti, na picha yenyewe ilikuwa hafifu. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Kamera za dijitali zilipoenea, na baadaye simu, viwanda vya filamu vikaanza kufungwa. Kampuni ya Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama mwaka 2012 kwa kushindwa madeni yake, ikatoka katika ulinzi huo mwaka 2013. Mijini kwetu studio nazo zikageuka kuwa maduka ya picha za pasipoti na vocha za simu. Chumba cha giza kikawa stoo.

Lakini tazameni mambo yaliyotukia Enschede, katika nchi ya Uholanzi. Hapo palikuwa na kiwanda cha filamu za Polaroid, zile picha za papo kwa papo zinazotoka katika kamera na kujisafisha zenyewe. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza kuacha kuzitengeneza. Mashine zilikuwa tayari kubomolewa. Ndipo André Bosman, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, na Florian Kaps kutoka Austria, pamoja na wenzao, wakazinunua mashine, wakapanga jengo, na kuwarudisha kazini wafanyakazi wa zamani wapatao kumi. Dawa nyingi zilizohitajiwa zilikuwa hazipatikani tena, kwa kuwa waliokuwa wakizitengeneza nao waliziacha. Ikawapasa kuibuni filamu upya. Mwaka 2010 wakaanza kuuza. Filamu zao za kwanza zilikuwa na kasoro nyingi, lakini wakaendelea kuzitengeneza. Na tangu mwaka 2020 kazi yao inaitwa tena kwa jina la Polaroid.

Kwa nini waliweza? Mashine zilikuwapo, lakini chuma hakizungumzi. Waliweza kwa sababu watu waliojua kuziendesha walikuwa bado hai, na wakaulizwa kwa wakati. Miaka kumi zaidi, jambo hilo lisingewezekana kwa fedha yoyote. Hali kama hiyo ilitukia Uingereza, ambako kiwanda cha Ilford, chenye asili ya mwaka 1879, kilianguka mwaka 2004, na mwaka 2005 waliokuwa mameneja wake wakakinunua na kuendelea kutengeneza filamu nyeusi na nyeupe. Na huko Japani, kampuni ya Ricoh ilipotaka kutengeneza kamera mpya ya filamu, wahandisi vijana waliwaendea wazee waliokwisha kustaafu, wakawaomba wawaonyeshe jinsi mtambo wa kuvuta filamu ulivyokuwa ukiundwa. Kamera hiyo, Pentax 17, ilitoka mwaka 2024.

Jina hilo la Polaroid latukumbusha jambo jingine, ambalo wafanyakazi hawapaswi kulisahau. Mwaka 1970, Waamerika Weusi wawili waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni hiyo huko Cambridge, Massachusetts, yaani Caroline Hunter, mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, waligundua kwamba mitambo yao ilikuwa ikitumiwa kutengeneza picha za vitabu vya pasi walivyolazimishwa Waafrika wa Afrika Kusini kuvibeba kila waendapo. Wakapinga hadharani. Wakafukuzwa kazi. Hawakunyamaza, na mwaka 1977 kampuni ikaacha kufanya biashara na Afrika Kusini. Watu wale walijua kazi ya mikono yao ilikuwa inakwenda wapi. Anayejua kazi yake toka mwanzo hadi mwisho huwa vigumu kumdanganya juu ya matumizi yake.

Twajua yatakayosemwa kutupinga. La kwanza ni gharama. Filamu haitengenezwi hapa kwetu. Huja kwa meli na ndege, na bei yake si ya mzaha kwa mwenye kulipa kodi ya nyumba na ada za shule. Hilo ni kweli, nasi hatumshauri mtu yeyote apunguze chakula cha watoto wake ili anunue mkanda. Lakini mambo mengi yasiyowezekana kwa mmoja huwezekana kwa watano. Kopo moja la kusafishia lawatosha marafiki watano, maana humaliza kazi yake na kuoshwa. Filamu nyeusi na nyeupe ikinunuliwa kwa roli la mita 30, hukatwa mikanda ipatayo 18 ya picha 36, na kila mtu akachukua fungu lake. Mkanda mmoja kwa miezi miwili watosha kumfundisha mtu kuliko mikanda kumi kwa wiki moja. Na dawa ya kukazia iliyokwisha kutumika isimwagwe kisimani wala baharini, kwani imebeba madini ya fedha yanayodhuru viumbe vya majini.

La pili ni majivuno. Wako wanaoivaa kamera kuukuu kama mkufu, wakajua bei yake mnadani na wasijue kuifungua. Mtu wa namna hiyo amenunua ukale wa watu wengine. Tena lenzi yake, akiifungia katika mfuko wa ngozi pwani hapa penye unyevu, itaota ukungu kabla ya mwaka kwisha. Kamera hupenda hewa na kazi.

La tatu ni kwamba mambo ya kale yamepita, tuyaache. Kwa hili jibu letu ni fupi. Hatusemi simu itupwe wala kwamba filamu itarudi kutawala. Twasema kwamba elimu ya kusoma mwanga, kupima dawa, kukarabati shata na kuitunza negativu ni mali iliyochumwa juani na wazee wetu. Mali isiyoandikwa hupotea bila habari.

Na yako mengine yanayopotea sasa hivi tukiwa twatazama. Katika studio kuukuu za miji yetu kuna maboksi ya negativu yaliyorundikwa chini ya ngazi, yakila mvuke na mende. Mwenye studio akifa, warithi husafisha chumba, na boksi la kwanza kwenda jalalani ni hilo. Lakini ndani yake mna uso wa babu ya mtu siku aliyoajiriwa bandarini, na wa shangazi ya mtu siku ya kuhitimu uuguzi. Negativu iliyowekwa pakavu, penye ubaridi na giza, katika karatasi safi, yaweza kuchapwa tena baada ya miaka hamsini na zaidi. Simu ikiibwa ndani ya daladala, picha zisizohifadhiwa mahali pengine huenda nayo.

Basi, ndugu wasomaji, yapo mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Fungua sanduku la nyumbani, zitoe picha na negativu za zamani, na umketishe mzee aliyebaki akutajie majina. Yaandike nyuma kwa kalamu ya risasi, polepole, usiuchome uso wa picha. Pili, kama mtaani kwenu yuko fundi wa zamani wa picha, mtembelee angali na nguvu. Usimwulize habari za zamani tu. Mwombe akuonyeshe beseni lake, na jinsi alivyopima muda wa dawa gizani bila saa. Tatu, kwa wale walio na kamera iliyolala kabatini: itoeni, mfungue shata yake penye mwanga, mwone kama bado yafunguka. Nyingi bado zafunguka.

Yule mzee wetu wa herufi za risasi alirudi kwao, na wenzake waliosimama naye siku ile wametawanyika. Picha ya kundi lile haitapatikana kamwe. Mwaka uliofuata tulimfuata nyumbani kwake na mkanda mmoja. Alituketisha, akaichukua kamera mikononi mwake, akautia ulimi wa filamu yeye mwenyewe, akavuta mara mbili huku akitazama kishikio cha kushoto. Kilipozunguka akaturudishia, akaenda kukaa mlangoni pake, penye kivuli. Tukapiga moja. Imetundikwa juu ya meza tunapoandikia maneno haya.